Tabibu Aliyechemsha Woga

Sijapata kumsikia mtu anayenishinda kusimulia, na nasema hivyo nikiwa nimeishi Tanga, nimeishi Dar es Salaam, na nimerudi kukaa hapa kwetu Wawi. Ushahidi ninao. Msimu ule wa karafuu, jamvi letu ndilo lililokuwa likimalizika mapema kuliko majamvi yote ya mtaani, na si kwamba mikarafuu yetu ni michache. Watu walikuwa wakija kuchambua kwetu bila kuitwa.

Karafuu ikishuka mtini hushuka na vikonyo vyake. Jioni hiyo hiyo huchambuliwa kwa mkono, kishada baada ya kishada, karafuu upande huu na makonyo upande ule, ili asubuhi ianikwe. Kazi hii haina uzito, ina urefu. Vidole hushika rangi, shingo hukakamaa, na kiungo pekee kisicho na shughuli ni mdomo. Ndiyo maana jamvi la kuchambua ni mahali pa maneno. Kwingine walizungumza nani kaposa na nani kaachwa. Kwetu mimi niliwaletea tabibu.

Lakini kabla ya tabibu nijitaje mwenyewe, maana asiyejitaja hutajwa vibaya. Niliondoka Pemba kijana, na matokeo ya skuli ambayo hakuna aliyetaka kuyaona mara mbili. Tanga nilipata kazi ya kuosha vioo na mirija katika maabara ya mtu binafsi. Wenzangu walikuwa wakiosha tu; mimi nilikuwa nikiosha huku nasoma kilichoandikwa. Nikajua kioo hiki ni cha damu, kile ni cha choo, na huu mrija usipokauka vizuri majibu ya mgonjwa wa kesho yatakuwa uongo. Nikarudia mitihani yangu jioni baada ya kazi. Nikaingia chuo Dar es Salaam, nikatoka na stashahada ya maabara, na hakuna mjomba wala ami aliyenishika mkono. Leo nina chumba changu kando ya barabara, nina hadubini mbili, na ile stashahada nimeitundika pale ambapo mgonjwa akikaa haiwezi kumpita machoni. Watu wa Wawi huniita dokta. Kila mtu namsahihisha mara moja, kwamba mimi si daktari bali mtaalamu wa maabara. Akirudia, namwachia.

Chuoni kulikuwa na rafu ya riwaya za Kiingereza zilizotolewa na mtu ambaye hakuna aliyemjua, na nyingi zilikuwa za kutisha. Nilizisoma zote ili Kiingereza changu kinyooke, na kikanyooka. Zilikuwa na mifupa ile ile: jumba la mawe, mvua isiyokatika, mlango wenye kufuli, na ndani yake msomi asiyetaka kulala mpaka ajue jambo ambalo hakuna aliyemtuma alijue. Mwisho analijua. Halafu anayelipa ni mwingine, mtumishi, mchumba au mtoto wa watu. Wenzangu wa chuoni walizisoma kama hadithi za mizuka. Mimi niliyekuwa nikishika damu za watu kila siku nilizisoma kama hadithi za kazi yangu. Mizuka haikunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni kuona yule msomi, kurasa zote zile, hajamuuliza mtu yeyote kama anaruhusu.

Basi nikatunga yangu, nikaitia mifupa ile na nyama ya kwangu.

Jioni ya kwanza jamvini tulikuwa na mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, dada yangu, binti yake, yaani mpwa wangu, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja aliyejaaliwa mwili na maneno kwa kipimo kimoja. Wengine walikaa pembeni pembeni, na kila nilipoinua macho niliona wameongezeka.

"Palikuwa na tabibu," nikaanza, "katika mji wa mbali wa baridi. Anakaa peke yake kwenye jumba la mawe. Lioneni kama yale magofu ya Pujini, lakini lina paa, lina madirisha membamba, na lina ngazi ya kushukia chini ya ardhi."

"Peke yake kwa nini?" akauliza jirani. "Kaachwa?"

"Hajaoa."

"Mwanamume mzima, jumba zima, hajaoa. Basi kasoro yake tushaijua. Endelea, dokta."

Nikaendelea. Tabibu huyu alitaka kujua woga ni kitu gani. Moyo ameuona, ini ameliona, ubongo ameushika kwa mkono wake, lakini woga hakuona umekaa wapi. Akaamini kwamba umejificha mwilini kama mafuta yanavyojificha kwenye mti, na kilichojificha hutolewa kwa moto na mvuke.

"Kama makonyo," akasema dada yangu.

"Kama makonyo."

Hapo sikuhitaji kueleza zaidi, na hili ndilo jambo la raha kuwasimulia watu wa kwetu. Wamekua na harufu ya makonyo yakichemshwa kiwandani. Wanajua kwamba mvuke ukipita kwenye ubaridi hugeuka tone, kwamba tone ndilo lenye thamani, na kwamba kinachobaki chini ya pipa ni makapi. Mzungu aliyezoea riwaya zile angehitaji kurasa kumi kuelewa mashine ya tabibu. Jamvi langu lilielewa kwa neno moja.

"Akamkalisha mtumishi wake ndani ya pipa la shaba," nikasema, "kichwa nje, moto mdogo chini, na juu mrija unaopita kwenye maji baridi. Kulipokucha likaanguka tone la kwanza ndani ya chupa. Rangi yake ya kijivu. Na ile chupa ikaanza kutetemeka yenyewe juu ya meza."

Vidole vyote vikasimama. Kisha vikaenda mbio kuliko mwanzo, na nikaona rundo la karafuu linashuka kwa macho.

Mtumishi, nikawaambia, alitoka pipani mzima, mwepesi, anacheka. Mbwa akimbwekea anamtia mkono mdomoni amhesabu meno. Tabibu akafurahi, akaandika, akafunga kitabu. Siku ya pili akampeleka juu ya paa kurekebisha kigae kilichovunjika. Mtumishi akakirekebisha vizuri sana, na alipomaliza hakuona sababu ya kurudia ngazi.

"Akaruka?" mtu akauliza.

"Hakuruka. Alitembea tu, kama unavyotoka chumbani kwenda ukumbini."

Watu wakasema inna lillahi. Mpwa wangu peke yake ndiye aliyecheka.

"Mjomba, huyo si jasiri," akasema. "Huyo kasahau kama ana mwili."

Nilimpenda kwa neno lile. Huyu binti tangu amalize skuli alikuwa akinisaidia maabara, na nilikuwa nimemfundisha kila nilichojua ambacho mtu anaweza kufundishwa kabla ya kwenda chuo. Hakuna aliyewahi kumwona akiogopa. Mkarafuu huupanda mpaka kwenye tawi ambalo wanaume huwaachia ndege. Siku moja aliua nyoka kwa kiatu, kisha akakivaa. Na msimu ule alikuwa amepata nafasi ya kusoma maabara, bara, katika chuo kile kile nilichosoma mimi. Siku ya kuripoti ilikuwa imekaribia. Baba yake ni mvuvi, siku nyingi yuko baharini, na alikuwa ameshasema kwamba neno la Bibi ndilo neno lake. Dada yangu naye aliufuata mdomo wa mama. Kwa hiyo safari yote ya mtoto ilikuwa mikononi mwa mama yangu, na mama alikuwa karibu kabisa kukubali. Siku mbili kabla ya hadithi yangu alishaanza kuuliza kama huko chuoni wanapewa mablanketi.

Jioni ya pili watu walikuja na vibao vyao vya kukalia.

Niliwapeleka mbele. Tabibu hakukoma kwa mtumishi. Alisema mmoja si ushahidi. Akamchemsha muoka mikate, akamchemsha mwalimu, na baada ya hapo hakuhitaji tena kumbembeleza mtu, maana nani hataki kupunguziwa woga? Watu walijipanga wenyewe mlangoni mwake. Mji ukawa hauna mwoga. Mwenye gari la farasi haangalii njia. Kina mama hawaiti tena watoto jua likizama. Muuza maziwa haogopi kutia maji, na hakimu haogopi kuhukumu kabla hajasikiliza. Huku chini ya jumba chupa zimejaa kwenye rafu, zinatetemeka, zinagongana, usiku kucha zinalia kama meno ya mtu mwenye homa.

Mama yangu hakuwa amesema neno jioni zote mbili. Sasa akauliza, bila kuinua macho kwenye karafuu zake:

"Na khofu ya Mungu? Nayo ilitoka?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini msimulizi hodari hababaiki.

"Hiyo, mama, ndiyo iliyotangulia kutoka. Ni nyepesi, hupanda na mvuke wa kwanza."

Astaghfirullah ilitoka jamvi zima kwa pamoja. Mpaka leo nalihesabu kuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kutoa nikiwa nimekaa chini, na kama ningelifikiria mwezi mzima nisingelipata bora. Nikafunga hadithi juu yake. Chupa zikapasuka zote mara moja. Tabibu alikuwa chini pamoja nazo, mlango ameufunga kwa ndani kama kawaida yake, na woga wa mji mzima ukakosa pa kutokea ila kifuani mwake. Walipouvunja mlango walimkuta amejikunja pembeni, anaviogopa vidole vyake mwenyewe.

Hata jirani alikosa la kusema, na hilo nililiona kuwa cheti kingine. Mama akakung'uta makonyo yaliyomwangukia kwenye leso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mjukuu wangu hendi huko chuoni."

Asubuhi nilimkuta mama uwanjani anaanika karafuu. Nikachutama kumsaidia.

"Mama, ile ni hadithi."

"Najua ni hadithi. Mimi si mtoto."

"Basi?"

"Aliyeitunga kasoma chuo gani?"

"Cha maabara."

"Na huyu anakwenda chuo gani?"

"Cha maabara."

"Basi wewe uliyetoka huko umekaa mbele ya watu, umesema wasomi wa huko huwachemsha wenzao. Mimi nani nikukatalie?"

"Nilisema mji wa baridi, mama. Si Dar es Salaam."

"Dar es Salaam hawana mafriji?"

Nikaona nizungumze naye kisomi. Nikamwambia kwamba nimesoma rafu nzima ya hadithi za namna ile, na nimegundua jambo ambalo hata walimu wangu hawakulisema. Msomi wa hadithi zile haangamii kwa kujua. Anaangamia kwa kufunga mlango. Hana mama wa kumwomba radhi kabla ya kuanza kazi, hana jirani wa kuja kuazima chumvi. "Tabibu yule angekuwa hapa Wawi," nikamwambia, "asingefika tone la pili. Mama wa ukutani hapo angeshapiga hodi, angeshaingia kabla hajaitikiwa, angeshauliza huyu kakaa pipani kwa nini na chakula kala."

Mama akatabasamu upande mmoja. "Hilo kweli. Lakini mlango wa huko anakokwenda si mlango wa Wawi."

"Mlango wa maabara hauna kufuli mama. Unachokiona wewe anakitazama na mwenzako. Mtu humtoi damu mpaka akubali." Na kwa kuwa nilimwona amelegea, nikaongeza: "Halafu huyu wa kwetu humjui? Haogopi kitu. Hakuna wa kumbabaisha huko."

Mkono wake ukasimama juu ya karafuu.

"Ndiyo hasa," akasema. "Yule uliyempandisha juu ya paa, mimi nilimwona ni yeye."

Akaendelea kuzitandaza karafuu kwa kiganja, polepole, mpaka zikawa sawa. Kisha akasema kesho atakuja kwenye chumba changu amtazame mtoto anavyofanya kazi, na atakaloliona ndilo atakalolisema.

Mama hakuwa amekanyaga maabara yangu tangu niifungue. Alikuwa akisema damu ya watu si kitu cha kwenda kutembelea. Kwa hiyo pamoja na wasiwasi nilifurahi. Nilipangusa kila kioo, nikanyoosha stashahada iliyokuwa imeegemea upande, na jioni nikamweka mpwa wangu nikampa maneno. Nilimwambia atakaa mbele ya mtahini mkali kuliko wote aliowahi kuwaona. Asimame wima, asisitesite, mkono usitikisike hata chembe. Nilijua ninachosema. Mkono uliotulia ndio uliompa mwalimu wangu imani na mimi, na nilitaka mama naye aone kwamba utulivu wa kazi si ukaidi.

"Hata nikiwa sina uhakika, mjomba?"

"Ukiwa huna uhakika niite. Lakini uso wako usiseme."

Wakaja asubuhi, mama mbele na jirani nyuma, wote wawili wamevaa kama wanaokwenda maulidi.

"Hodi."

"Karibuni, mama. Karibuni ndani."

Wakakaa kwenye benchi la wagonjwa. Jirani akaitazama stashahada kwa muda.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Nilidhani kubwa zaidi, kwa ulivyokuwa ukiisema."

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee kutoka Makangale, aliyekuja kumtembelea mwanawe hapa mtaani na homa ikamkuta ugenini. Mpwa wangu akavaa glavu, akamkalisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe unajua, au unajifunza?"

"Najua na najifunza. Naomba kidole."

"Kipi?"

"Usichokipenda sana."

Mzee akacheka, akatoa kile cha pete. Mpwa wangu akamwuliza, nikuchome, akajibiwa choma, na kabla mzee hajafumba macho kazi ilikuwa imekwisha. Mkono haukutikisika. Tone likakaa juu ya kioo pale panapotakiwa. Aliliangalia kwa hadubini, akaniita nikaliangalia na mimi, tukamwambia mzee kwamba malaria hana, na homa yake aende nayo hospitali ikatafutwe sababu nyingine. Mzee akatoka kukaa kwenye kivuli cha ukuta kumngoja mwanawe.

Nikamgeukia mama kwa fahari. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta mwezi mwandamo na haoni kitu.

Akaja mama mwenye mtoto. Mtoto akapiga kelele za kupasua bati, mpwa wangu akamchoma kwa utulivu ule ule, akamfuta, akampa pamba achezee. Akaja kijana wa kupima wingi wa damu, akataka kuanguka kabla hata sindano haijatolewa, akakalishwa, akapimwa. Kila mmoja alipotoka nilimtazama mama, na kila mara nilimwona amesogea mbali zaidi. Jirani akamnong'oneza, kwa mnong'ono wake unaosikika barabarani, "Huyu mtoto wenu kama chuma." Mama akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni. Hapo nikajua kwamba safari inanitoka mikononi, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu kama ingekuwa mtihani wa chuo ningempa alama zote.

Benchi lilipopungua, mama akasimama.

"Na mimi nipimeni."

"Tukupime nini, mama?"

"Chochote. Sukari. Nasikia siku hizi kila mtu anayo."

Nikanyoosha mkono kuchukua glavu.

"Si wewe," akasema. "Yeye."

Akakaa kwenye kiti, akaweka mkono wake mezani. Mpwa wangu akavaa glavu mpya, akatia spiriti kwenye pamba, akakifuta kidole cha bibi yake, na pamba ikatoka na rangi ya karafuu. Akakifuta tena. Akachukua sindano. Akakishika kidole, na pale pale akasimama.

Nikakohoa kumkumbusha. Akajaribu. Mkono ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha mpaka sindano ikawa inachora hewani. Akaushusha, akapumua, akauinua, ukatetemeka zaidi.

"Makubwa," akasema jirani.

"Mjomba, chukua wewe," mpwa wangu akasema. "Mimi siwezi."

Nikaona chuo, nafasi, mablanketi, vyote vinakwenda na ule mkono. Lakini mama hakuutoa mkono wake.

"Huwezi kwa nini?" akauliza. "Babu wa watu si umemchoma sasa hivi?"

"Yule si wewe, bibi."

"Sindano si zile zile?"

"Zile zile."

"Basi?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Binti akainua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakuna hata mmoja wetu mle ndani aliyewahi kuyaona hivyo.

"Nisikuumize," akasema. "Na naogopa nisije nikaona humo jambo baya, nikawa ndiye wa kukwambia."

Mama akamtazama sana. Kisha ule uso uliokuwa ukitafuta mwezi ukauona.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe unao."

"Nina nini?"

"Woga, mwanangu. Mimi nilidhani huna kabisa. Nimekaa hapa asubuhi yote nautafuta, watu wanapita mmoja mmoja, siuoni." Akamsogelea. "Sasa yule mzee wa Makangale, naye ni babu wa mtu. Kwa nini kwake hukuogopa?"

"Niliogopa, bibi. Wote niliwaogopa. Siku zote huogopa. Mjomba aliniambia uso usiseme."

Kichwa cha mama kikanigeukia taratibu.

"Kwa hiyo wewe," akaniambia, "ndiye uliyemchemsha."

"Chupa kaiweka wapi?" jirani akadakia. "Tafuteni kwenye friji."

Walicheka mpaka mama akashika meza. Mpwa wangu akacheka na machozi yake, na mimi nilicheka kuwapita, kwa sababu mtu anayejiamini haumizwi na mzaha mzuri, na ule ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilitamani ningeutunga mimi. Waliokuwa nje wakachungulia dirishani kuona ni ugonjwa gani huu unaopimwa kwa vicheko.

Vilipotulia, mama akakirudisha kidole chake mahali pake.

"Haya," akamwambia mjukuu wake. "Ogopa, na unichome. Nataka nione unavyofanya kazi nao."

Akamchoma. Mkono ulikuwa bado unatikisika, lakini tone likatoka zuri, mviringo, na mama hakukunja hata uso. Majibu yakaja ya kheri. Mpwa wangu akayasoma mara mbili, akaniita niyasome, nikayasoma, ndipo akamwambia. Mama hakushughulika nayo sana. Alitaka kuiona damu yenyewe kwa ile hadubini. Nikamtengenezea kioo, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Alihangaika kidogo na kope zake, kisha akatulia.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, bibi," mpwa wangu akamjibu.

"Mbona nimo wengi hivi."

Akakaa pale muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote niliyemwona chuoni, na jirani akawa anamvuta mkono apishe na yeye aone. Alipoinuka alikuwa na duara la hadubini jichoni. Akasema mtoto ataondoka na radhi yake, lakini atakaa chumba kimoja na wenzake, si peke yake, na kila atakapofundishwa jambo jipya atapiga simu aeleze. Kama hataweza kulieleza likafahamika hapa uwanjani, basi asilifanye kwanza. Nikamwambia kwamba katika miaka yangu yote ya masomo sikuwahi kupewa kanuni ya maabara iliyo fupi kama hiyo. Akasema anajua.

Nikampigia dada yangu. Nilimwambia kwamba mama amekubali, kwamba yuko hapa maabara, kwamba amepimwa na mtoto mwenyewe. Kikatoka kigelegele ambacho nilikisikia sikioni na nadhani ningekisikia pia bila simu, maana nyumba si mbali. Jirani akakipokea kwa kigelegele chake. Mama mwenye mtoto, aliyekuwa bado nje, akaongeza cha tatu bila kujua ni cha nini.

Yule mzee wa Makangale akanyanyuka pale ukutani na homa yake, akaja mpaka mlangoni, akauliza ni harusi ya nani. Mama akamwambia si harusi, ni safari ya masomo, ya huyu huyu aliyemchoma. Akamsogezea benchi, akamkalisha ubavuni pake, na akaanza kumweleza tangu mwanzo.